Presha kushuka ukisimama na nyonga mpya: maji, soksi, mkanda wa tumbo au kidonge, uchague kipi?

"Mbona mmezima taa?"

Hayo ndo maneno ya kwanza ya mama siku aliposimamishwa mara ya kwanza na nyonga yake mpya, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa wodi nzima. Mtu wa mazoezi akamdaka kiunoni, nesi akasogeza kitanda, mi nimeganda na woka (ile fremu ya kutembelea) mkononi kama nimeachiwa mzigo wa mtu stendi, tukamlaza jasho jembamba linamtoka usoni na midomo imepauka kama katoka kusaga unga. Dakika mbili tu akafumbua macho akaanza kutugombeza, tumemlaza kwa nini wakati ye yuko tayari kutembea.

Tangu turudi nyumbani hapa Uyole, Mbeya, kila anayekuja kumpa pole anakuja na dawa yake. Mama mdogo katoka Tukuyu na mkungu wa ndizi akasema anywe maji mengi, shangazi wa Makambako kasema soksi za kubana, jirani kasema kuna vidonge, na simu nayo ina video zake. Vingi nimejaribu, vingine nimevikataa kabla ya kujaribu, na kitu nilichokuja kukigundua ni kwamba ushauri mwingi wa presha kushuka uliozagaa mtandaoni umeandikwa kwa mtu mwenye nyonga zake za kuzaliwa. Kwa mwenye nyonga ya kuwekewa baadhi ya ushauri huo ni hatari kuliko kizunguzungu chenyewe. Kwa hiyo hapa nalinganisha kwa macho mawili, jicho la presha na jicho la nyonga, na mi sio daktari, ni mtoto wa mgonjwa tu ambaye kauliza maswali mpaka watu wakachoka.

Kwa ufupi kinachotokea ni hivi. Mtu akisimama, damu kama nusu lita mpaka lita nzima inateremkia miguuni na tumboni. Kwa kawaida shingoni na kwenye ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni kuna sehemu zinazopima presha kila sekunde, zikiona imeshuka zinaupa ubongo taarifa, moyo unaongeza mapigo, mishipa inabana, damu inapanda tena kichwani na wewe hata hujui kama kuna kazi imefanyika. Baada ya operesheni ya nyonga mtambo huo unakuwa mzito. Damu imepotea, mtu alifunga kula na kunywa, kama alichomwa ganzi ya mgongo mishipa ya chini ililegezwa kwa masaa kadhaa, dawa za maumivu kali kama mofini na tramadoli nazo zinalegeza na kuleta kichefuchefu, halafu kalala. Ni kama nyumba za juu kabisa mlimani, bomba lipo, maji yapo kwenye tenki, ila presha ya kuyafikisha huko juu haitoshi.

Kupima ni rahisi, tena pima usibahatishe. Mtu alale dakika 5, pima, asimame, pima dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, basi hiyo ndo presha ya kusimama imeshuka. Mama siku ya pili kurudi nyumbani alikuwa 138/82 kalala, dakika ya kwanza 104/66, ya tatu 112/68. Ukiangalia ile 104 peke yake unaweza kusema mbona sio mbaya, kumbe kaanguka namba 34. Kuhusu mashine, kati ya ya kufunga juu ya kiwiko na ya kufunga kwenye kifundo cha mkono chagua ya juu ya kiwiko bila kufikiri sana, ya kifundo cha mkono ukikosea kuiweka usawa wa moyo inakudanganya.

Kusimama mapema au kulala mpaka nguvu zirudi

Wazee wetu wote watakwambia mwache mgonjwa apumzike, na mi nilikuwa upande huo baada ya lile tukio la taa. Lakini kulala ndo kunazidisha tatizo, mwili ukilala siku kadhaa unakojoa maji yake mwenyewe, misuli inalegea, mishipa inasahau kazi, na damu inaweza kuganda miguuni. Wadenishi (watafiti wa Denmark) walifuatilia wagonjwa 26 waliobadilishiwa nyonga, wakachapisha mwaka 2012: masaa 6 baada ya operesheni asilimia 42 walishindwa kuvumilia kusimama, masaa 24 baadaye wamebaki asilimia 19. Maana yake kile kizunguzungu cha siku ya kwanza ni cha wengi, na kwa wengi kesho yake kimeshapungua.

Kwa hiyo kati ya hayo mawili, simama mapema, ila kwa hatua na kuna mtu pembeni. Hapo kwenye hatua ndo watu wanaharibu. Unainua kichwa kwanza, halafu anakaa ukingoni mwa kitanda miguu iko chini sakafuni dakika 2 au 3, mguu uliofanyiwa umetangulizwa mbele ili nyonga isikunjike sana, anajisukuma na mikono kutoka kwenye kitanda (asivute woka, woka inabinuka), akisimama anatulia kwanza, ndo anatembea. Tatizo ni kwamba dakika tatu ukiwa umekaa ukingoni ni ndefu kama ibada. Mama hana subira ya saa, tukakubaliana asinyanyuke mpaka amalize salamu zote za Kinyakyusa, ugonile yangu, ya watoto, ya walioko Tukuyu, ng'ombe je, mvua je, na mi naitikia zote, ukifika kwenye ng'ombe dakika tatu zimeshapita.

Maji kwa mkupuo au kunywa kidogokidogo

Hii ndo ya bei rahisi kuliko zote na kwa presha inafanya kazi kweli. Nusu lita ya maji ukiinywa kwa haraka, ndani ya dakika tano hivi, kwa watu ambao mtambo wao wa presha ni dhaifu inapandisha presha na nguvu yake inafika kileleni kama nusu saa baadaye. Sio sawa na kunywa glasi moja saa mbili, nyingine saa sita. Kidogokidogo kunarudisha maji mwilini, jambo zuri, ila ule mshtuko wa kupandisha haupo. Kwa hiyo mama anakunywa vikombe viwili vya maji akiwa bado kitandani kabla ya salamu, na chai yake anakunywa baadaye kwa raha zake.

ORS ni nzuri kama kweli kapungukiwa, kahara, katapika, au hajala siku mbili, pakiti moja kwenye lita moja. Kama ana presha ya kupanda na anameza dawa zake usimgeuzie ORS kuwa juisi ya kila siku, ina chumvi. Na maji yenyewe yana mipaka, mwenye moyo uliochoka au figo mbovu, au anayemeza ile dawa ya kukojoa, asijipe malita bila kuongea na daktari wake. Kwa nyonga maji hayana ubaya wowote isipokuwa moja, yatamwamsha usiku kukojoa, na kuamka usiku ndo saa mbaya kuliko zote. Tulimaliza hilo kwa kuhamisha maji mengi asubuhi na mchana, kuanzia saa kumi na mbili jioni anakunywa kwa kiu tu.

Soksi au mkanda wa tumbo

Hapa nilipoteza hela. Nilinunua soksi za kubana soko la Mwanjelwa, zinaishia chini ya goti, nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe damu nyingi inayojificha mtu akisimama iko tumboni na mapajani, soksi ya kuishia goti inabana mahali ambapo hapana mengi. Soksi ya kusaidia presha inatakiwa ifike pajani au kiunoni na ibane sawasawa. Na zile soksi nyeupe anazovalishwa mtu wodini ni za kuzuia damu kuganda, kubana kwake ni kwa upole, sio kitu kimoja, usichanganye.

Sasa lete jicho la nyonga. Kuvaa soksi inayobana mpaka pajani unatakiwa uiname ushike vidole vya miguu. Mtu aliyepasuliwa kwa nyuma ya nyonga kakatazwa kukunja zaidi ya nyuzi 90, kakatazwa kukunja nne, kakatazwa kugeuzia mguu ndani. Kwa hiyo hawezi kujivalisha kabisa, anahitaji mtu kila asubuhi, na ikifika juu inasugua karibu na mshono. Mimi na mama tulipambana na soksi moja robo saa nzima, tumeshamaliza ye kachoka kuliko angetembea mpaka barabarani.

Mkanda wa tumbo ukaja kushinda bila kutegemea. Wanawake wote wa huku wanaujua, ukijifungua unafungwa tumbo na kanga, sasa ni ile ile, mkanda mpana wa kuvuta unaouzwa duka la vifaa vya hospitali au hata kanga iliyofungwa vizuri na mtu anayejua kufunga. Unabana tumbo, damu haipati pa kukaa, na kwa presha ya kusimama kubana tumbo kunasaidia kuliko kubana miguu peke yake. Anaufunga mwenyewe akiwa kalala, bila kuinama. Masharti ni matatu tu: ukae juu, usishuke kwenye mshono wa nyonga, ubane lakini apumue na ale, na avue akirudi kulala maana akiwa kalala presha haihitaji msaada huo. Mama alicheka sana, akasema miaka arobaini imepita mnanifunga tena tumbo na mtoto hayupo.

Kama una msaidizi wa kudumu na miguu inavimba na daktari kasema vaa soksi kwa ajili ya damu kuganda, vaa, hiyo ni sababu nyingine. Kwa presha peke yake na nyonga mpya mi nachagua mkanda.

Kukunja nne, kuchuchumaa, au kukamua mikono

Hii ndo iliyonifanya niandike. Kuna video nimeiona, nzuri tu, inasema ukisikia kizunguzungu ukiwa umesimama pishanisha miguu ubane mapaja, au chuchumaa, au kaa uinamishe kichwa katikati ya magoti. Kwa mtu wa kawaida zote tatu ni mbinu za kweli, zinapandisha presha. Nikamwonyesha mama, akaanza kupishanisha, na kwa bahati mtu wa mazoezi alikuwa anaingia mlangoni. Sijawahi kuona mtu mpole anapiga kelele vile. Miguu kupishana, kuchuchumaa, kuinamia magotini, zote tatu ndo zilezile nyonga mpya inakatazwa, unaweza kuitoa kwenye tundu lake na ukarudi chumba cha operesheni.

Alizotupa yeye badala yake: kabla ya kusimama, ukiwa umekaa, pampu vifundo vya miguu juu chini mara ishirini thelathini. Ukiwa umesimama bana makalio yote mawili, hesabu mpaka tano, achia (hilo zoezi hata hivyo lipo kwenye mazoezi yake ya nyonga, kwa hiyo unaua ndege wawili). Na kama kichwa kinaanza kuwa chepesi, kamata vishikio vya woka na uvikamue kwa nguvu zote kama unakamua nguo, kubana misuli ya mikono kunapandisha presha ndani ya sekunde chache na nyonga haijasogea hata kidogo. Ukilinganisha nguvu, kuchuchumaa kunashinda, sibishi. Ila kuna mashindano mengine haufai kuyashinda.

Kizunguzungu kishakuja

Chaguo ni kuendelea kutembea ukifikie kiti, kukaa hapohapo, au kulala. Kuendelea, hapana, ndo watu wanavyoangukia meza. Kukaa ndo sawa lakini kwenye kitu kirefu, kiti chenye mikono ambacho nyonga inabaki juu ya goti. Kigoda cha jikoni ndo adui namba moja, kipo kila nyumba huku, kiko karibu, na ukikikalia magoti yanapita nyonga. Tuliweka viti viwili virefu vya plastiki kwenye njia ya chumbani kwenda sebuleni, na pale ambapo kiti kilikuwa kifupi tukaweka mto mgumu. Isipopita dakika moja mbili mrudishe kitandani, alale chali, miguu juu ya mto, magoti yameachana.

Kitanda nacho. Tulikiinua kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa shimo ili miguu ya kitanda isiteleze, pande zote kwa ajili ya nyonga, maana kitanda kirefu kinamnyanyua mtu nusu ya njia, halafu upande wa kichwa tukazidisha kama sentimita kumi. Kulala kichwa kikiwa juu kidogo kunafanya mwili usipoteze maji mengi usiku. Kupanga mito mitatu sio mbadala, mito inakukunja katikati.

Ndoo ya maji ya moto

Hakuna aliyetuambia hili na ndo lilimwangusha mara ya pili, ashukuriwe Mungu alikuwa kakaa. Huku Juni na Julai mtu haogi maji ya baridi, mama anaoga maji yanayofuka moshi, asubuhi, kabla ya chai. Maji ya moto yanafungua mishipa yote ya ngozi, damu inakimbilia nje, na asubuhi ndo presha ya kusimama iko dhaifu zaidi maana usiku mzima kakojoa hajanywa. Unaunganisha mabaya matatu kwenye ndoo moja. Sasa anaoga saa nane mchana, maji ya vuguvugu, kakaa kwenye kiti kirefu, mlango haufungwi na komeo. Kuota jiko la mkaa chumbani umefunga madirisha ni habari nyingine kabisa, hapo kizunguzungu sio presha, ni sumu ya moshi, toa jiko nje.

Choo usiku: kati ya choo cha nje cha kuchuchumaa na kiti chenye tundu na ndoo chini, kilichowekwa pembeni mwa kitanda, hakuna hata ulinganisho. Mama alikataa siku mbili kwa aibu, siku ya tatu baridi ya Uyole ikamshauri.

Vidonge

Watu wanapenda kuuliza kuna dawa gani. Ipo midodrini, inabana mishipa, na ipo fludrokotisoni, inashikilia chumvi na maji. Hao hao Wadenishi mwaka 2015 walichapisha jaribio la kuwapa waliobadilishiwa nyonga midodrini ili wasipate presha kushuka wakisimama mapema, watu 120, na haikutoa tofauti ya kutosha kusema inasaidia. Zote mbili pia zinaweza kupandisha presha kupita kiasi mtu akilala, kwa mzee mwenye presha ya kupanda kama mama hiyo ni kamari.

Kilichosaidia kwetu ni upande wa pili, kuangalia vidonge alivyokuwa anameza tayari. Alikuwa kwenye amlodipini (dawa ya kushusha presha) na dawa ya kukojoa, zote asubuhi, pamoja na tramadoli, halafu ndo anaambiwa asimame. Tulirudi na karatasi ya vipimo vya kulala na kusimama vya siku nne, daktari akaisoma, akasimamisha dawa ya kukojoa kwa muda, tramadoli ikabaki ya usiku tu maumivu yakizidi, mchana parasetamoli. Usifanye hivyo kwa kichwa chako, kuacha dawa za presha ghafla kuna madhara yake, lakini ile karatasi ya vipimo inamfanya daktari aongee na wewe tofauti kabisa na ukienda kusema tu mama anasikia kizunguzungu. Na wazee wa kiume wanaomeza dawa ya tezi dume, itajeni hiyo pia, nyingine zinashusha presha ukisimama na watu hawaitaji kwa aibu.

Kuna kizunguzungu ambacho huchagui chochote hapa, unatafuta gari. Pumzi inakata au kifua kinauma, mguu mmoja umevimba na unauma kwenye kigimbi, mshono unatoa damu au usaha, choo cheusi kama lami, mapigo yanakimbia hata akiwa kalala, au kapauka viganja na ulimi, hapo inawezekana damu imepungua na anahitaji kupimwa wingi wa damu leo sio kesho. Akianguka na mguu ukaonekana mfupi au umegeukia upande, usimsimamishe kabisa.

Jana asubuhi, wiki ya tano, nilipima: kalala 134/80, dakika ya tatu 124/78. Vikombe viwili vya maji, kanga tumboni, salamu mpaka ng'ombe. Katembea mwenyewe na woka mpaka mlango wa jikoni, akachungulia ndani, akaniuliza kigoda chake kiko wapi. Kiko kwa jirani, na jirani kaambiwa akatae kwamba anacho.